Mtoto na Simu: Somo kwa Wazazi na Walimu wa Dini



Mwezi huu twataka kujifunza habari ya jambo lililomo karibu katika kila nyumba, nalo ni simu iliyo mkononi mwa mtoto. Wazazi wengi huulizana habari zake, na walimu wa dini huombwa shauri juu yake. Basi somo hili limepangwa kwa sehemu, ili mwalimu apate kulisoma mbele ya wazazi kwa Jumapili mbili au tatu, na mwisho yamewekwa maswali ya kuulizana.

Neno kubwa la somo ni moja, na lishikwe tangu mwanzo. Mtu mbaya amkamataye mtoto kwa njia ya simu yuko mbali, hana mkono wa kumshika. Kamba amfungiayo ni hofu ya mtoto mwenyewe, hasa hofu ya kumwambia mzazi. Mzazi akiiondoa hofu hiyo, kamba imekatika.

1. Jinsi simu ilivyoingia nyumbani

Sisi tukaao mjini Dar es Salaam, kuanzia Feri mpaka Kariakoo, twaijua simu kuwa chombo cha kazi. Mama auzaye vitenge Kariakoo hupiga picha za mali yake asubuhi, huzipeleka kwa WhatsApp na Instagram, na kabla ya adhuhuri mnunuzi wa Mbeya au Mwanza amekwisha kulipa. Mchuuzi wa samaki huuliza bei ya mnada wa Feri kwa simu, naye bado yu kwake. Mwaka 2008 fedha zilianza kupelekwa kwa M-Pesa katika nchi yetu. Mwaka 2009 waya wa SEACOM, uliotandazwa chini ya bahari, uliwasili Dar es Salaam, ukaleta intaneti yenye kasi kuliko ile ya kwanza. Bahari ile ile ituleteayo samaki ikatuletea na mtandao. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba dawa ni kuitupa simu. Chakula cha nyumba nyingi chapita humo humo.

Lakini tazameni jinsi mtoto aipatavyo. Mzazi aenda Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, palipojaa maduka ya simu. Muuzaji amwonyesha kamera, na ukubwa wa kioo, na muda betri idumuo na chaji. Kisha abandika protekta juu ya kioo na kuivika simu kava, isije ikaanguka na kupasuka. Mzazi alipa, arudi nyumbani, ampa mtoto. Simu imekwisha kupata kinga, mtoto bado.

Tena wazazi wengi wa kwetu huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Aendaye mnadani Feri hana budi kuwahi mashua zifikapo, na afunguaye duka Kariakoo hurudi giza limekwisha kuingia. Saa hizo zote mtoto yu pamoja na nani? Mara nyingi yu pamoja na simu.

2. Hatari zenyewe

Mwaka 2022 ilitolewa taarifa juu ya Tanzania iitwayo Disrupting Harm, iliyoandaliwa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF. Waliulizwa watoto karibu 1,000 wa miaka 12 mpaka 17 watumiao intaneti. Ikaonekana kwamba katika muda wa mwaka mmoja, watoto 4 katika kila 100 walipatwa na mabaya makubwa: wengine walitishwa ili watende mambo ya zinaa, wengine picha zao za utupu zilitawanywa bila ridhaa yao, wengine walishawishiwa kwa fedha na zawadi. Kwa nchi nzima, hesabu yao ilikadiriwa kuwa kama watoto 200,000. Tuzigawanye hatari hizi kwa aina, ili kila mzazi azitambue.

Aina ya kwanza ni rafiki wa uongo. Huanza kwa salamu na kusifu picha ya mtoto. Hujifanya ni kijana mwenzake, au ni msichana wa shule nyingine. Humtumia bando, mtoto akaona huyu ana moyo mwema. Kisha humwambia wahamie mahali pa siri, akisema, "Mambo yetu usimwambie mtu." Halafu huomba picha moja. Aipatapo, uso wake hubadilika mara moja, akaanza kutisha: "Leta nyingine, au leta fedha, la sivyo nitaipeleka kwa mama yako na kwa shule yako."

Aina ya pili ni mtu tumjuaye. Taarifa ile yasema kwamba mara nyingi atendaye mabaya hayo ni mtu ambaye mtoto alimjua tangu zamani. Twapenda kudhani kwamba adui ni mgeni wa nchi za mbali, lakini huenda ni jirani, au jamaa, au rafiki wa kaka, au mtu aheshimiwaye katika mtaa. Simu humpa tu mlango wa kusema na mtoto usiku, watu wengine wasisikie.

Aina ya tatu ni matapeli wa fedha. Nani kati yetu hajapokea ujumbe usemao, "Ile hela tuma kwenye namba hii"? Wengine hupiga simu na kusema kwamba mwanao ameanguka shuleni, fedha ya hospitali yatakiwa sasa hivi. Wengine hujifanya watumishi wa kampuni ya simu, wakaomba namba ya siri. Mtoto ashikaye simu ya mama yenye M-Pesa huweza kuitaja namba hiyo bila kujua atendalo, na mtaji wa wiki nzima ukapotea kwa dakika moja. Kwa hiyo afundishwe kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu ye yote, hata kama ajiita nani. Naye mzazi abonyeze *106# katika simu yake, aone ni laini ngapi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije mtu akatapeli kwa jina lake.

Aina ya nne ni watoto kwa watoto. Humo katika makundi ya shule mtoto mmoja huchaguliwa, akachekwa kwa sura yake, au kwa umaskini wa kwao, au kwa picha aliyopigwa bila habari. Zamani mzaha wa shuleni uliisha kengele ya kutoka ilipolia. Sasa humfuata mtoto mpaka kitandani pake.

3. Kamba ya hofu

Sasa twafika katika kiini cha somo. Mwezi Machi mwaka 2022, katika jimbo la Michigan, Marekani, kijana wa miaka 17 alipata ujumbe kwa Instagram kutoka kwa mtu aliyejifanya msichana. Kwa kweli walioandika walikuwa wanaume wa Lagos, Nigeria. Kijana akapeleka picha yake ya utupu. Papo hapo wakamdai fedha, wakasema wataitawanya kwa jamaa zake na rafiki zake. Akawalipa dola 300. Je, waliridhika? Hapana, wakadai zaidi. Usiku haujaisha, kijana yule akakata tamaa, akajiua. Wanaume wawili walio ndugu walipelekwa Marekani kuhukumiwa, na mwaka 2024 kila mmoja akapewa kifungo cha miaka 17 na nusu.

Mambo mawili na tuyatafakari hapa. La kwanza, kulipa hakukumwokoa. Kulimwonyesha mnyang'anyi kwamba mlango u wazi. La pili, kijana yule alikuwa na watu wampendao, lakini saa zile chache alikuwa peke yake na adui. Kama angalimwamsha mtu mmoja tu wa nyumbani na kumwambia, adui asingalibaki na silaha. Picha ni aibu ya siku chache, uhai haurudi.

Mbona mtoto hasemi? Katika nyumba nyingi za kwetu jibu lajulikana. Mtoto afikiri, "Nikisema nitapigwa. Simu itachukuliwa. Nitaambiwa nimelitia doa jina la ukoo. Baba atamlaumu mama kwa ajili yangu." Naye mtu mbaya ayajua hayo yote, ndiyo maana humwambia, "Mama yako akijua atakufukuza." Angalieni basi: fimbo atumiayo kumtishia mtoto ni fimbo ya mzazi. Taarifa ile ya mwaka 2022 yaonyesha pia kwamba waliopatwa na mabaya hayo, wakisema, husema na rafiki zao, na karibu hakuna aendaye polisi au apigaye simu ya msaada. Basi mtoto mwenye shida kubwa hushauriwa na mtoto mwenziwe, asiyejua zaidi yake.

Twaijua habari ya mwana mpotevu katika Luka sura ya 15. Baba yule alimwona mwanawe angali mbali, akapiga mbio kumlaki. Mwana alikuwa ametunga maneno ya kujishitaki, lakini baba alikuwa amekwisha kumkumbatia kabla hayajasemwa. Mambo ya kuonya na kufundisha yana wakati wake, nayo hufuata nyuma. Mtoto aliye mikononi mwa adui, kwanza atolewe.

4. Kabla ya hatari

Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi. Watu wa Feri hawahitaji kufafanuliwa. Tena wajua kwamba mnunuzi mwenye akili hatazami mng'ao wa magamba tu. Hufunua shavu la samaki, aone kama li jekundu au limekwisha kufifia. Mtoto naye na afundishwe kuutazama urafiki wa mtandaoni namna hiyo, asidanganywe na mng'ao wa picha. Mambo haya yafaa kufanywa mapema:

Kwanza, siku ile simu inapotolewa, mzazi aseme ahadi hii kwa kinywa chake: "Mwanangu, jambo lo lote likikupata humo simuni, hata kama umekosa wewe, ukija kuniambia sitakupiga wala sitakuaibisha. Tutalitengeneza pamoja." Ahadi hiyo irudiwe mara kwa mara, na siku ya shida itimizwe. Mzazi akiivunja mara moja, hataaminiwa tena.

Pili, umri uangaliwe. WhatsApp, Facebook, Instagram na TikTok zimeweka kiwango cha miaka 13. Mzazi amwandikiaye mtoto wa miaka 10 kwamba ana 18, amfanya ahesabiwe kuwa mtu mzima, na ulinzi uliowekwa kwa ajili ya vijana humpita.

Tatu, milango ifungwe. Akaunti ya mtoto iwe ya faragha, wageni wasione picha zake. Katika WhatsApp kuna mahali pa kuchagua ni nani awezaye kumtia mtu katika kundi. Pachaguliwe watu ajuao yeye tu. Mzazi asiyejua kufanya hivyo amwombe mtoto amwonyeshe. Si aibu kufundishwa na mwanao. Huenda saa hiyo ndiyo atakayofungua moyo wake.

Nne, simu iwe na mahali pa kulala. Usiku iwekwe sebuleni au chumbani kwa wazazi, ichajiwe huko. Mabaya mengi hutendeka mlango umefungwa na taa imezimwa.

Tano, sisi wenyewe tuwe na kiasi. Twaona furaha kutangaza picha ya mtoto amevaa sare, jina la shule likisomeka kifuani, na chini tumeandika jina lake na siku ya kuzaliwa. Atakaye kumdanganya mtoto huyo amekwisha kupewa yote ayahitajiyo.

Sita, kila jioni mzazi aulize habari za mtandaoni kama aulizavyo habari za shule: "Leo nani amekuandikia? Umeona nini cha kuchekesha? Umeona nini cha kukutisha?" Aulize kwa upole, bila kunyang'anya simu. Aulizaye siku za amani ataambiwa siku ya vita.

5. Hatari ikiisha kuingia

Mtoto akija analia na simu mkononi, mzazi afuate taratibu hii.

(a) Amsikilize mpaka mwisho, kisha amwambie, "Umefanya vema kuniambia." Asimwache peke yake usiku ule. Aibu huwa nzito mno kwa kijana, na wengine hudhani maisha yao yamekwisha.

(b) Asilipe hata shilingi moja, wala mtoto asipeleke picha nyingine.

(c) Asifute kitu kwa hasira. Namba ya yule mtu, jina la akaunti yake, maneno ya vitisho, siku na saa, vyote vihifadhiwe, maana ndivyo ushahidi. Lakini picha ya utupu ya mtoto isipelekwe kwa mtu mwingine, hata kwa shangazi au mwalimu, kwa nia ya kuonyesha yaliyotukia.

(d) Ushahidi ukiisha kuhifadhiwa, yule mtu afungiwe, asipate tena njia ya kuandika.

(e) Habari ipelekwe panapostahili. Namba ya kusaidia watoto ni 116, iendeshwayo na C-Sema. Kupiga ni bure, mchana na usiku, na mtoto mwenyewe aweza kupiga. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto kwa mambo kama haya. Mzazi afikapo kituoni aliulizie kwa jina hilo. Namba ya tapeli wa fedha hupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040, ambayo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

(f) Kama picha imetangazwa au yahofiwa kutangazwa, kuna huduma ya bure katika intaneti iitwayo Take It Down, kwa picha za mtu aliyekuwa chini ya miaka 18. Picha haiondoki katika simu. Huundwa alama ya tarakimu tu, na kwa alama hiyo Facebook, Instagram, TikTok na nyingine zilizokubali huitafuta picha hiyo kwao na kuiondoa. Haiwezi kufuta picha iliyomo katika simu ya mtu, lakini hupunguza sana kuenea kwake.

6. Wajibu wa usharika

Hapa nasema na wazee wa kanisa, walimu, na viongozi wa kwaya na wa vijana. Mara nyingi picha ya aibu ya binti huletwa katika kundi la WhatsApp la usharika au la jumuiya, nayo imeandikwa juu yake, "Tumwombee huyu." Ndugu, hayo si maombi. Kila apelekaye mbele amemvua nguo mara nyingine. Tena ni kosa la jinai: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza kutangaza picha za uchafu, na hasa za watoto, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Kiongozi wa kundi aifute picha hiyo mara moja, amwonye aliyeileta, na mtu aende kwa wazazi wa binti kwa miguu yake, awafariji.

Mwalimu wa Jumapili au wa kipaimara asiwe na mazungumzo ya siri na mtoto kwa simu. Akitaka kuwapa watoto habari, aziandike katika kundi ambamo wazazi wamo. Aliye mwaminifu hapungukiwi na kitu kwa utaratibu huu, na asiye mwaminifu hukosa nafasi.

Na ikitokea kwamba mtenda mabaya ni mtu wetu, msharika au hata kiongozi, habari isifunikwe kwa ajili ya jina zuri la usharika. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mtoto ajapo kusema neno juu ya mtu mkubwa, amefanya jambo gumu kuliko yote. Akiambiwa anyamaze, hatasema tena, na wenziwe waliomtazama watakuwa wamejifunza kunyamaza.

Katika kitabu cha Nehemia sura ya 3 twasoma kwamba ukuta wa Yerusalemu ulijengwa kwa mafungu, na wengi walijenga mahali palipoelekea nyumba zao wenyewe. Ndivyo na ulinzi huu. Serikali ina sheria zake, na polisi wana kazi yao, lakini sehemu ya ukuta ielekeayo mlango wako, hakuna mwingine atakayeijenga. Jioni ya leo mwite mwanao, ukampe ile ahadi.

Maswali ya kuulizana darasani

1. Mtu mbaya aliye mbali amshika mtoto kwa kamba gani? Nani awezaye kuikata?

2. Mwanao akikuambia leo kwamba amepeleka picha mbaya kwa mtu, neno lako la kwanza litakuwa lipi? Litamleta karibu au litamfukuza?

3. Kwa nini kumlipa atishaye hakumalizi jambo?

4. Katika kundi letu la WhatsApp tutafanya nini picha ya aibu ikiletwa? Nani atakayeifuta?

5. Je, watoto wetu waijua namba 116? Waulizeni, na wasiojua wafundisheni.